Panya wa Bukavu na mitokondria zilizopumua kupita kiasi

Mwanafunzi wangu aliingia ofisini na daftari kifuani, akafunga mlango kabla hajaketi. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akifunga mlango namna hiyo, ama ana habari ya msiba ama anataka kukopa. Yeye alikuwa na ugunduzi. Mitokondria za ubongo wa panya wetu, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, alisema, zinakula oksijeni kuliko za panya wa Ubelgiji kwa karibu moja ya tano, na jambo hilo limejirudia kwa kila panya, wiki tatu mfululizo.

"Prof, ni juu ya milima."

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma: huku kwetu "juu ya" ndiyo "kwa sababu ya". Alimaanisha kwamba panya waliozaliwa na kukulia kwenye mwinuko wa mita 1,500 wamezoea hewa hafifu, na mitokondria zao zimejifua kama miguu ya wabeba mizigo wa Kadutu. Ni wazo zuri. Lina biolojia ndani yake na, nisifiche, lina fahari kidogo, maana kifaa chenyewe tulipewa na Wabelgiji, pamoja na maelekezo yao na karatasi zao za vipimo. Tena panya ni wa ukoo ule ule wa Wistar. Nilitamani liwe kweli, ndiyo maana nikamwomba aniachie daftari usiku ule.

Tulichokuwa tunatafuta

Kazi ilianzia kwenye muhogo. Konzo ni neno la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Humkamata mtu ghafla: jana alikuwa anatembea, leo miguu imekakamaa, na ukakamavu huo haumwachi tena. Huwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, kwenye vijiji ambako muhogo mchungu unaliwa kabla haujalowekwa vya kutosha. Wengi wanaujua kama ugonjwa wa magharibi, wa Kahemba, lakini umeshaonekana hata Burhinyi, kwenye milima ya Mwenga, huku huku Kivu Kusini.

Sianidi inayotoka kwenye muhogo huo hukaba kimeng'enya cha mwisho katika mnyororo wa upumuaji wa mitokondria, saitokromu oksidesi. Hapo ndipo oksijeni tunayovuta inapoishia. Ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Neva zinazopigwa na konzo ni zile zinazoshuka kutoka kwenye ubongo kwenda kuamrisha miguu, zenye mkia mrefu unaohitaji mitokondria njia nzima. Kama sianidi ndiyo mkosaji pekee, wataalamu bado wanabishana. Sayaneti nayo inashukiwa, hasa kwa mtu asiyepata amino asidi zenye salfa, maana mwili huzitumia hizo kuigeuza sianidi iwe thayosayaneti isiyo na makali hayo. Sahani ya bugari (ugali) yenye sambaza, samaki wadogo wa ziwani, pembeni na sahani ya bugari yenye sombe tupu, yaani majani ya muhogo, si chakula kimoja.

Mpango ulikuwa kulisha panya unga wa muhogo wa aina mbili na kupima afya ya mitokondria katika neva zao. Kabla ya hapo ilibidi tujue panya mzima, asiyeguswa, anapumuaje. Kisa hiki ni cha hatua hiyo ya mwanzo. Hakuna panya aliyekuwa ameonja muhogo.

Mstari unaoporomoka

Ubongo unatolewa haraka na kutiwa kwenye barafu. Unasagwa kwa mkono, kwa mchi wa teflon ndani ya mrija wa kioo, katika maji ya sukrosi yenye EGTA ya kunasa kalisi. Mara kumi hivi, polepole, bila povu. Sentrifuji inazungusha kwanza taratibu ili viini vya seli na takataka vizame, halafu kwa kasi. Chini ya mrija kinabaki kidonge cha kahawia kama ugoro uliolowa, na juu yake tabaka jeupe, laini, linalotikisika ukigusa mrija.

Mwanafunzi asiyeelekezwa hulimwaga hilo jeupe. Kumbe ndilo lenye thamani kwetu. Humo mna mayelini, mafuta yanayofunika neva, lakini pia mna ncha za neva zilizokatika wakati wa kusaga zikajifunga zenyewe kama puto, mitokondria zikiwa bado ndani. Ubongo una seli nyingi za glia, zile zinazohudumia neva, kwa hiyo ukipima kidonge cha kahawia peke yake huwezi kuapa kwamba umepima neva. Ncha zile ni za neva. Tunazitenga kwa Percoll, kimiminika kizito cha kutenganishia, kisha digitonini kidogo inatoboa utando wa nje ili dawa zifike kwenye mitokondria. Ukizidisha digitonini unaharibu kila kitu. Tulipoteza siku nyingi hapo, na sitazisimulia.

Chemba ya kupimia inaingia mililita moja. Chini yake kuna elektrodi ya oksijeni aliyoibuni Leland Clark miaka ya 1950: platinamu katikati, fedha pembeni, tone la kloridi ya potasiamu, na utando wa teflon unaovutwa mpaka usiwe na mkunjo hata mmoja. Oksijeni ikipenya utando inapokea elektroni kwenye platinamu, na mkondo wa umeme unaotokea unalingana na oksijeni iliyomo. Kompyuta inachora mstari. Ukitia piruvati na malati, chakula cha mitokondria, mstari unainama kidogo. Ukidondosha ADP, malighafi wanayoigeuza kuwa nishati ya seli, unaporomoka, maana sasa mitokondria zina kazi. Ukitia oligomaisini, inayozuia kazi hiyo, unalegea tena, na kinachobaki ni mvujo wa utando wa ndani. Rotenoni inazima mlango wa kwanza wa mnyororo; ni sumu ile ile iliyomo kwenye majani ya Tephrosia vogelii ambayo wavuvi hutwanga kulevya samaki. Suksinati inaingilia mlango wa pili. Mwishoni antimaisini A inafunga hesabu.

Mteremko wa ADP ukiugawa kwa ule wa mvujo unapata uwiano unaokuambia kama mitokondria zimetoka salama. Mazoea ya kulinganisha hali hizo mbili tumerithi kwa Chance na Williams, tangu 1955. Uwiano ukikaribia 1, ujue umezipika.

Mstari wenyewe haujui kiasi cha oksijeni. Unajua sehemu tu: kutoka maji yaliyoshiba hewa, mpaka sifuri unayoipata kwa kutia dithionaiti, kemikali inayomaliza oksijeni yote. Ili sehemu hiyo iwe mikromoli, mtu lazima aiambie kompyuta kwamba maji yaliyoshiba hewa yana oksijeni kiasi gani. Mwanafunzi alichukua namba kwenye jedwali lililokuja na kifaa: nyuzi 37, mikromoli 210 kwa lita. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha ukurasa.

Washukiwa

Usiku ule kilichonikera hakikuwa ukubwa wa namba. Kilikuwa usawa wake. Mteremko wa ADP ulikuwa juu ya ule wa Wabelgiji kwa karibu moja ya tano. Wa suksinati vilevile. Na mvujo pia! Uwiano wa afya ulikuwa sawa kabisa na wao. Sasa panya aliyejifua angepandisha kazi. Kwa nini apandishe na hasara kwa kiwango kile kile? Ukinunua sukari, chumvi na mchele kwenye duka moja, vyote vikapungua kwa kiasi kimoja ukivipima nyumbani, hulaumu mashamba matatu.

Hata hivyo kuna sababu moja ya kibiolojia inayoweza kupandisha vyote sawasawa: mitokondria kuwa nyingi zaidi katika kila miligramu ya protini. Kwa hiyo tulianza na kigawanyio. Protini tulikuwa tunapima kwa rangi ya Bradford, tukilinganisha na albumini ya ng'ombe iliyokaa kwenye friji ambayo umeme wake unakatika itakavyo SNEL, shirika letu la umeme. Albumini ikiwa imeharibika, hesabu ya protini inapotoka na kila mteremko unapotoka nayo. Tukatengeneza mpya. Namba hazikusogea. Tukapima sitrati sinthesi, kimeng'enya kinachotumika kama sensa ya mitokondria, kwa njia ya DTNB inayogeuka manjano na kusomwa kwenye nanomita 412. Kwa kila miligramu, tulikuwa nacho kiasi kile kile cha Wabelgiji. Mitokondria hazikuwa nyingi zaidi.

Mshukiwa wa pili alikuwa joto, na huyu karibu atuponze.

Upumuaji wa mitokondria, kama kemia nyingine ya mwili, huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Kupanda kwa moja ya tano kunahitaji chini ya nyuzi 3 tu za ziada. Ikiwa maji yanayozunguka chemba yalikuwa nyuzi 39 na nusu huku kipimajoto kikisema 37, kisa kimekwisha. Nikamwambia akipime kipimajoto mahali pawili: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka. Umeme haukuwapo, kwa hiyo alikwenda nyuma ya jengo ambako papa, yaani mzee, anayetunza jenereta yetu huwa na mbabula yake, jiko la makala (makaa).

Akarudi mbio.

"Prof, termometre imekufa. Maji inachemka, lakini haifike mia. Imesimama kwa makumi tisa na tano."

Kwenye barafu ilisoma sifuri sawia. Tukakaa na kalamu. Kipimajoto kinachosema 95 badala ya 100, na sifuri mahali pa sifuri, kinapunja kidogo kidogo kadiri joto linavyopanda. Kikisema 37, ukweli ni karibu 39. Nyuzi 2 hizo zinatosha kupandisha upumuaji kwa karibu asilimia 14. Haikufika moja ya tano, lakini ilikaribia vya kutosha kwa watu wawili waliochoka. Aliandika sababu kwenye daftari. Nikatia sahihi pembeni. Sahihi hiyo bado ipo, na sijamruhusu aifute.

Maji yasiyofika mia

Papa alikuwa amemfuata mlangoni kudai sufuria yake. Ni mtu wa Uvira, kule chini kando ya Tanganyika. Alitusikiliza kidogo, halafu akasema:

"Haijakufa. Hapa maji haifikake mia. Muliisha kujiuliza sababu gani maharagwe ya Bukavu inakawiaka kuiva, na ya kwetu Uvira inaiva mbio?"

Nilisomeshwa jambo hilo sekondari. Nimelifundisha. Mke wangu hulalamikia makala kila wiki kwa sababu yake. Na bado nilikuwa nimetia sahihi kwamba kipimajoto ni kibovu.

Maji huchemka pale mvuke wake unapofikia mgandamizo wa hewa iliyo juu yake. Usawa wa bahari, hilo hutokea kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wetu hewa ni nyepesi, na nyuzi 95 zinatosha. Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa, na chemba ilikuwa nyuzi 37 za haki. Mshukiwa wa joto akaachiwa huru, lakini alipotoka alituachia jina la mwenzake.

Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa popote, Antwerpen au Bukavu. Kinachobadilika ni uzito wa hewa yenyewe, na maji hunywa oksijeni kulingana na uzito huo. Ile namba 210 ni ya maji yaliyoshiba hewa ya usawa wa bahari. Jedwali la kifaa halikusema hivyo mahali popote. Lilikuwa na safu ya joto na safu ya oksijeni, basi. Aliyelichapa labda hakuwahi kupanda mlima.

Hapo mwanafunzi akafanya jambo la busara lililotoa jibu baya. Alifungua simu, akatafuta hali ya hewa ya Bukavu, akaonyeshwa mgandamizo wa zaidi ya hektopaskali 1,010. "Basi ni kawaida," alisema, na uso ukamshuka. Nani angemlaumu? Namba ile huwa imesharekebishwa iwe kama ya usawa wa bahari, ili ramani za hali ya hewa zilinganishike na marubani waweke vipima mwinuko vyao. Inakuambia kama mvua inakuja. Haikuambii hewa iliyo ndani ya chumba chako.

Barometa hatukuwa nayo. Lakini sufuria ya papa ilikuwa imeshatupimia. Mgandamizo wa mvuke wa maji kwenye nyuzi 95 unajulikana: karibu hektopaskali 846. Maji yakichemka kwenye nyuzi 95, hewa iliyo juu yake ni hiyo hiyo. Kile kipimajoto tulichotaka kukitupa kilikuwa kimefanya kazi ya barometa.

Hesabu iliyobaki ni fupi. Ndani ya chemba yenye nyuzi 37, mvuke wa maji wenyewe unachukua karibu hektopaskali 63, nao unaondolewa pande zote mbili. Usawa wa bahari: 1,013 toa 63, ni 950. Kwetu: 846 toa 63, ni 783. Gawanya, unapata 0.82. Kwa hiyo maji yetu yaliyoshiba hewa hayakuwa na mikromoli 210. Yalikuwa na karibu 173. Kila mteremko tuliouandika ulikuwa umezidishwa kwa 1.21.

Moja ya tano ile ile.

Kwa hiyo ilikuwa juu ya milima kweli. Aliporudia hesabu kwa 173, panya wetu waliketi kwenye mstari mmoja na wenzao wa Ubelgiji.

Mtu anaweza kuuliza: kama chembani mna oksijeni pungufu, kwa nini mitokondria zisipumue polepole? Kwa sababu saitokromu oksidesi ina kiu kali mno. Inafanya kazi kwa nusu ya nguvu zake hata oksijeni ikiwa chini ya mikromoli 1. Kwake yeye, 173 na 210 zote ni shibe. Mitokondria hazikuhisi mwinuko hata kidogo. Kosa lilikuwa kwenye tafsiri yetu ya mstari.

Kilichopona na kilichokuwa kinatungoja

Uwiano wa ADP kwa mvujo haukuguswa, kwa sababu kosa lilikuwa juu na chini ya mstari wa kugawanya, likajifuta. Hata jaribio la muhogo lingepona kama makundi yote mawili yangepimwa hapa hapa. Hatari ilikuwa kwenye sura ya tatu ya tasnifu, ambako alikusudia kuweka panya wa Ubelgiji kama kundi la kulinganishia ili kuokoa wanyama na pesa. Panya aliyelishwa muhogo, mwenye upumuaji uliopungua kwa asilimia 17, angeonekana sawa na Mbelgiji mzima. Tungeandika kwamba muhogo haukumdhuru. Hilo bado linaninyima usingizi kuliko ile hadithi ya panya mashujaa, maana ushujaa ungetiliwa shaka na msomaji wa kwanza, lakini "hakuna madhara" hupita kimya kimya.

Kuna mtego mwingine wa namna hiyo tuliougundua tukiwa tayari tumekuwa waoga. Sianidi hushika saitokromu oksidesi na kuiachia, si gundi. Ukisaga ubongo, ukauosha mara tatu kwa sukrosi baridi, unaweza kuiosha sumu yenyewe na kubaki na kimeng'enya kinachopumua vizuri. Kwa hiyo tumeongeza kipimo cha thayosayaneti kwenye mkojo wa panya akiwa hai, na hatutasema neno kuhusu sianidi kwa kutazama mitokondria zilizooshwa peke yake.

Tunangoja pia inkubeta ya kukuzia seli za SH-SY5Y, zile za uvimbe wa neva zinazotumika kwenye maabara nyingi. Nayo ina mlima wake. Ikiwa inaongozwa kwa asilimia, asilimia 5 ya kaboni dioksidi hapa ina molekuli chache kuliko asilimia 5 ya pwani, na maji ya kukuzia yatapanda pH kwa karibu 0.08; rangi itaelekea pinki na mtu atalaumu seli. Kuiweka karibu na 6 kunarudisha hali. Na mtungi wa gesi hiyo itabidi tuununue mbali na kuulipia forodha, sisi tunaoishi kando ya Ziwa Kivu, lenye takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi iliyoyeyuka kilindini.

Swali la mwanafunzi halikufa. Kama mwinuko unabadilisha mitokondria za neva, ni jambo linalopimika, ila unahitaji panya wa ukoo mmoja, nusu wakulie huku na nusu wakulie chini, wote wapimwe kwenye chemba moja. Ameshauliza kama papa ana nafasi nyumbani kwao Uvira. Papa amejibu kwamba panya wa Uvira wanamtosha.

Daftari sasa lina safu mpya, kabla ya ile ya uzito wa panya: nyuzi za maji yanayochemka, asubuhi hiyo. Sufuria inatoka kwenye mbabula saa mbili, mwanafunzi anaandika, na papa, ambaye anaona tunachezea makala bure, anaipokea ikiwa bado inatokota na kumwaga humo maharagwe yake.